Kisigino Chalia, Kosa ni la Shavu la Mguu

Askari anayelinda lango la ghala katika Zone Industrielle ya Bujumbura hupigana zaidi na sakafu ya saruji kuliko na mwizi. Huisimamia tangu alfajiri, mabuti miguuni, bunduki begani, fulana ya kuzuia risasi kifuani, na jua la bonde la Imbo likiwaka juu ya mabati. Zamu inapokwisha huondoka akijiona mzima. Asubuhi ya pili ndipo ajuapo. Akishusha mguu kitandani na kuukanyagia chini, kisigino humchoma kama aliyekanyaga msumari. Baada ya hatua kumi au kumi na tano maumivu hupungua, mchana huyasahau, na kesho yake huyakuta palepale yakimngoja.

Ukimwuliza askari huyo anaumwa wapi, atakuonyesha kisigino. Akinunua dawa ya kuchua, ataipaka kisigino. Akiwa na fedha kidogo, atabadili soli ya kiatu. Ni wachache mno watakaopeleka mkono juu zaidi, kwenye shavu la mguu, na kuubonyeza msuli ule uliokaza kama kamba ya hema. Na aghalabu huko ndiko shauri lilikoanzia.

Tumekusudia leo kulieleza jambo hili kwa kuwa wasomaji wa ukurasa huu ni watu wa kusimama, watu wa kubeba, na watu wa kuketi saa nyingi juu ya magari yenye mabenchi magumu. Nao wamefundishwa, kama sisi tulivyofundishwa katika shule ya makadeti, kwamba mwili ukilalamika jawabu lake ni neno moja tu: jikaze. Hatulitukani neno hilo, maana limetuvusha mito mingi. Lakini msuli hulichukua neno kama lilivyo. Ukiambiwa ujikaze hujikaza kweli, na usipoamriwa kulegea huweza kukaa katika hali hiyo hata baada ya gwaride kuvunjwa.

Eneo la viwanda la Bujumbura limekaa baina ya katikati ya mji na bandari ya Ziwa Tanganyika. Humo mna kiwanda cha bia cha Brarudi, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1955, na kukizunguka mna maghala, gereji, na malori yaliyotoka Dar es Salaam kwa njia ya mpaka wa Kobero. Mtu anayetaka kuusoma mwili wa mwanadamu ukiwa kazini hana haja ya kwenda mbali zaidi. Tulipopita huko tuliwakuta wachukuzi wakishusha saruji, kilo 50 kila mfuko, wakienda mbio nusu-nusu na mifuko mabegani. Kando yao walisimama walinzi na askari ambao mzigo wao ulikuwa silaha na mavazi yao tu. Tulitarajia malalamiko yatoke upande wa saruji. Wachukuzi walituonyesha migongo yao, ndiyo, lakini waliokuwa na hadithi ndefu ya visigino, viuno, mapaja na vichwa walikuwa wale waliosimama. Mzee mmoja miongoni mwa wachukuzi alitwambia huku akijipangusa vumbi: "Mwanangu, mzigo unaotembea hauniui. Kinachoniua ni kusimama nikilingojea lori."

Mzee huyo alinena jambo ambalo elimu ya mwili inalikubali. Msuli unaofanya kazi kwa kujikunja na kujikunjua hujipatia damu mpya kila mara. Unapojikunja huisukuma ile ya zamani itoke, na unapolegea huipokea nyingine. Msuli unaoshikilia mahali pamoja bila kupumzika huibana mishipa yake wenyewe, ukachoka hata kama kazi yenyewe ni ndogo. Shavu la mguu lina wajibu wa ziada, kwani ndilo pampu inayoirudisha damu ya miguuni kuelekea moyoni. Kuruta anayeanguka kifudifudi katikati ya gwaride si mwoga wala hakulala na njaa. Mara nyingi amesimama kimya mno, damu ikatuama miguuni, na ubongo ukakosa fungu lake.

Sasa kisigino kinaingiaje? Misuli ya shavu la mguu huungana chini kuwa kano moja nene, lile tunaloweza kulishika kwa vidole viwili nyuma ya kifundo, na kano hilo hushikwa na mfupa wa kisigino. Chini ya mfupa huohuo huanza utando mgumu unaopita katika wayo mpaka kwenye vidole, nao ndio unaoushikilia upinde wa mguu usibonyee. Mtu anapopiga hatua, goti lapita mbele na kifundo cha mguu hapana budi kikunjike. Ikiwa shavu la mguu limekaza na kufupika, kifundo hakikunjiki vya kutosha, na mguu huitafuta nafasi hiyo pengine. Hubonyea upinde, na utando wa wayo huvutwa kila hatua, maelfu ya hatua kwa siku. Usiku mtu akilala, mguu huelekea chini na vyote hujikunja. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya asubuhi ndiyo mbaya kupita zote. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2003 uliwalinganisha wagonjwa 50 wa maradhi haya na watu 100 wasiokuwa nayo, ukakuta kwamba waliokuwa hatarini zaidi ni wale ambao kifundo chao hakikunjiki vizuri, pamoja na wanene, na wale ambao kazi yao ni ya kusimama kutwa. Msomaji mwenye bunduki begani atajiona mwenyewe katika kundi hilo la mwisho.

Hiyo ni njia ya kwanza ya maumivu kuhama, na ni njia ya kamba na mbao: ukivuta huku, kule kunalia. Iko njia ya pili iliyo ngeni zaidi, ambayo humo hakuna kilichovutwa hata kidogo.

Mwaka 1938 daktari wa Uingereza aliyeitwa Kellgren alichapisha habari za majaribio aliyoyafanya kwa kujidunga yeye mwenyewe na watu waliojitolea sindano za maji ya chumvi kali ndani ya misuli. Sindano ikiingia mahali fulani, maumivu mara nyingi yalisikika mahali pengine, mbali na ngozi iliyotobolewa. Kila msuli ulikuwa na upande wake wa kuyapeleka, na ramani za watu mbalimbali zilifanana. Sababu yake askari wa mawasiliano ataielewa upesi. Tuseme malindo matatu yameungwa kwenye waya mmoja unaoingia makao makuu. Sauti ikilia "tunashambuliwa," afisa wa zamu husikia wazi kuwa kuna hatari, lakini hawezi kuwa na hakika ni lindo lipi lililosema, na yumkini akapeleka kikosi mahali ambapo hakuna hata sungura. Uti wa mgongo huzipokea habari za misuli, ngozi na viungo vya ndani kwa nyaya za namna hiyo, na ubongo ndio afisa wa zamu.

Baadaye daktari mmoja wa kike wa Marekani, Janet Travell, aliifanya kazi hiyo kuwa shughuli ya maisha yake. Alianza kuutibu mgongo wa John Kennedy mwaka 1955, naye Kennedy alipokuwa Rais mwaka 1961 akamfanya daktari wake wa Ikulu. Mwaka 1983 Travell na mwenzake David Simons walitoa kitabu kikubwa chenye picha za misuli na mahali ambapo kila mmoja hupeleka maumivu yake. Waliyaita mafundo yaliyomo ndani ya msuli uliokaza kuwa ndiyo chimbuko. Ni haki kusema kwamba waganga wa leo wanabishana juu ya mafundo hayo: ni kitu gani hasa, na kama wachunguzi wawili wakimshika mgonjwa mmoja watayakuta mahali pamoja. Ubishi huo haujaigusa habari yenyewe ya maumivu kusikika mbali na msuli unaoyazaa. Hiyo imesimama tangu Kellgren.

Mfano mmoja wapo kwenye kila lango. Msuli mpana unaotoka chini ya fuvu, ukashuka shingoni na kutandaa begani, ndio unaoubeba mkanda wa bunduki. Askari huutundika mkanda kwenye bega lilelile mwaka mzima, na ili usiteleze huliinua bega kidogo, kiasi cha upana wa kidole, bila kujua. Kofia ya chuma huongeza uzito juu ya shingo. Msuli ule ukikaza, maumivu yake huweza kupanda nyuma ya sikio mpaka kwenye panja, na mwenyewe husema anaumwa kichwa. Katika bonde la Imbo, ambako mbu hawana likizo, kila kichwa kinachouma huitwa malaria, na dawa humezwa kabla ya damu kupimwa. Yule ambaye ni malaria kweli na apimwe, atibiwe. Lakini wako wanaomeza dawa za malaria mara nne kwa mwaka kwa ajili ya mkanda wa bunduki.

Mfano mwingine hupanda gari. Ndani ya tako, chini ya ule msuli mkubwa, umo msuli mdogo unaoligeuza paja nje. Mshipa mkuu wa fahamu wa mguu, mnene kama kidole, hupita chini yake, na kwa watu wachache hupenya katikati yake. Msuli huo ukikaza huweza kuubana mshipa, na maumivu au ganzi ikashuka nyuma ya paja mpaka chini. Anayeketi saa tano juu ya benchi la gari la doria na kibeti chake kimejaa mfukoni nyuma anajitafutia jambo hilo. Walakini tusimsingizie msuli huu kila kosa. Maumivu ya namna hiyo mara nyingi zaidi hutoka kwenye pingili za kiuno, pale sahani laini iliyo kati ya pingili inapochomoza na kuugusa mshipa, na anayepaswa kuamua ni tabibu.

Yapo pia ya kiuno chenyewe. Msuli unaoliinua paja hauanzii pajani. Huanzia upande wa mbele wa pingili za kiuno, ukapita ndani ya tumbo na nyonga. Ukifupika kwa kukaa mno, mtu anaposimama unaweza kuivuta nyonga mbele, na kiuno kikapinda kuliko desturi yake. Ongeza hapo fulana ya kuzuia risasi. Askari wa Burundi walioanza kutua Mogadishu mwezi Desemba 2007, katika jeshi la Umoja wa Afrika, walijifunza kwa miili yao kwamba kuvaa chuma siku nzima ni kazi hata kwa mtu asiyetembea.

Kinachotusukuma kuandika ni kile askari anachofanya baada ya hapo. Kwa kuwa hataki kuitwa mvivu, haendi zahanati. Huenda dukani kununua dikilofenaki au ibuprofeni, humeza asubuhi, akameza tena jioni, na zamu huendelea. Dawa hizo ni njema kwa siku chache. Zikimezwa miezi kwa miezi huchimba vidonda tumboni, na kwa mtu anayetoka jasho kutwa bila kunywa maji ya kutosha huweza kuziumiza figo. Tunamfahamu kaporali mmoja aliyetapika damu lindoni. Alikuwa na kisigino kibovu, basi. Tumbo lake alilipoteza kwa kukitibu.

Je, kujinyoosha kunasaidia? Hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini, kwa kuwa majeshi yamelichunguza swali hili juu ya makuruta wao, na majibu yao hayakufanana. Katika jeshi la Marekani kompania mbili za makuruta zilifuatwa, matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Moja, yenye watu 150, iliongezewa vipindi vitatu vya kunyoosha misuli ya nyuma ya paja. Nyingine, yenye watu 148, iliendelea na ratiba ya kawaida. Walioumia miguu kwa kuitumia kupita kiasi walikuwa 25 upande wa kwanza na 43 upande wa pili. Australia ikafanya jaribio kubwa zaidi, likachapishwa mwaka 2000. Makuruta 1,538 waligawanywa kwa kura. Nusu yao walinyoosha misuli sita ya mguu, sekunde 20 kila mmoja, kabla ya mazoezi, kwa majuma 12, wengine hawakunyoosha. Walioumia walikuwa 158 na 175, tofauti ndogo isiyotosha kuwa ushahidi. Aliyekuja jeshini na pumzi nzuri aliumia kidogo, awe alinyoosha au hakunyoosha.

Kwa maoni yetu jaribio la Australia lina nguvu zaidi, kwa kuwa kura haina upendeleo, na kompania mbili huweza kuwa na masajini wawili wa tabia mbili. Lakini mazoezi yenyewe hayakuwa mamoja. Waaustralia walijinyoosha kidogo mlangoni, dakika chache kabla ya kukimbia. Wamarekani walipewa vipindi vya ziada juu ya mazoezi yao ya kila siku. Tena imejulikana kwamba kuushikilia msuli mmoja kwa zaidi ya dakika nzima muda mfupi kabla ya kukimbia au kuruka hupunguza nguvu zake kwa kitambo. Kabla ya kazi, basi, mwili utiwe joto kwa kutembea na kuchezesha viungo. Kujinyoosha kwa utulivu kuwe na saa yake, jioni au baada ya zamu. Nako si kinga ya kila jeraha. Ni matibabu ya msuli uliokwisha kufupika na wa maumivu yatokanayo nao.

Kuhusu muda, uchunguzi wa mwaka 1994 ulilinganisha sekunde 15, 30 na 60, siku tano kwa juma, kwa majuma sita. Sekunde 30 zilishinda 15, na 60 hazikuongeza kitu. Hayo ni mambo mepesi kwa askari aliyezoea kuhesabu. Kwa shavu la mguu, mtu auelekee ukuta, aweke viganja, apeleke mguu mmoja nyuma, goti limenyooka, kisigino kimegusa chini na vidole vimeelekea ukutani, kisha aegemee mpaka asikie mvuto, si maumivu. Ahesabu 30. Halafu alikunje kidogo goti lilelile la nyuma bila kuinua kisigino, ahesabu tena; hapo mvuto hushuka kwenye msuli wa ndani zaidi, ambao wengi huusahau. Arudie mara tatu kila mguu. Asirushe-rushe mwili, maana msuli unaoshtuliwa hujikunja kwa kujihami. Kwa nyonga, apige goti moja kama mpiga shabaha na kusukuma kiuno mbele taratibu. Kwa msuli wa ndani ya tako, alale chali, aweke kifundo juu ya goti jingine, na kulivuta paja kifuani. Kwa shingo, akae, ashike kiti kwa mkono mmoja na kuinamisha kichwa upande wa pili.

Asitarajie miujiza ya juma moja. Katika majuma ya mwanzo msuli wenyewe haurefuki sana. Kinachobadilika zaidi ni mishipa ya fahamu, ambayo hujifunza kuuvumilia mvuto iliokuwa ikiuogopa. Kisigino kilichouma kwa miezi huhitaji miezi kupoa. Kumwambia askari hivyo mapema ni bora kuliko kumwacha akate tamaa siku ya kumi.

Na kwa kuwa tumefundisha kwamba maumivu huhama, ni lazima tuseme pia kwamba msuli sio peke yake unaoyahamisha. Moyo huweza kulia kwenye mkono wa kushoto na kwenye taya. Mwenye maumivu hayo pamoja na kubanwa kifua na jasho la baridi asinyooshe chochote, apelekwe hospitali upesi. Shavu la mguu mmoja likivimba na kupata moto baada ya safari ndefu, yawezekana damu imeganda ndani ya mshipa, na kulikanda ni hatari. Mgongo unaouma pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda huweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kiuno kinachouma na mkojo ukakataa kuzuilika, au ganzi ikashika sehemu za siri, hakingoji asubuhi. Mfupa wa muundi unaouma mahali pamoja pa kuguswa kwa kidole, ukazidi kwa kila mwendo wa kijeshi, huenda una ufa. Katika mambo haya njia ni moja, zahanati ya kikosi, na ikibidi Hospitali ya Kijeshi ya Kamenge au hospitali yoyote iliyo karibu.

Limebaki la makamanda, nalo halihitaji bajeti. Askari wa lango aruhusiwe kutembea hatua ishirini kila nusu saa, lango halitahama. Mkanda wa bunduki ubadilishwe bega kila zamu, kwa amri, kwa sababu bila amri hatabadilisha mtu. Na pale penye sakafu ya saruji itupwe mbao, au kipande cha raba kilichokatwa kwenye tairi bovu. Katika Zone Industrielle tairi bovu halikosekani. Tuliliona moja kwenye lango la ghala, limekatwa vizuri kwa kisu na kulazwa chini, na juu yake alisimama mlinzi wa kiraia wa makamo. Askari wetu alikuwa amesimama kando yake, juu ya saruji.